Hoteli ya mizimu na munganga bila diploma: historia ya Crescent Hotel

Mu mwaka wa 2005, kundi moja la Wamarekani walishuka usiku mu chumba cha chini cha hoteli moja ya zamani, katika muji mudogo wa Eureka Springs, jimbo la Arkansas. Walikuwa na kamera yenye inaona joto badala ya mwangaza. Walizima taa, wakaanza kuitembeza polepole mbele ya makabati ya chuma. Ghafla mu kamera pakatokea umbo kama la mutu: kichwa, mabega, na kitu kama kofia. Halafu likapotea. Picha ile ilipita ku televisheni, katika programu yenye kuitwa Ghost Hunters, na mpaka leo watu wenye kupenda habari za mizimu wanaihesabu kati ya picha kubwa zenye walishaka kuona.

Hoteli yenyewe inaitwa Crescent Hotel. Inajitangaza kuwa hoteli yenye mizimu mingi zaidi Amerika, na kila usiku watu wanalipa ili watembezwe ndani yake. Mwisho wa ziara ni pale chini, fasi yenye waongozaji wanasema ilikuwa chumba cha maiti.

Ndugu wasomaji, swali letu leo si kujua kama mizimu iko ao haiko. Ukiweka swali hilo mbele ya Wakongomani kumi, utapata majibu kumi na mbili. Swali letu ni la historia: nani alikufa, nani alipata feza, na ushahidi wake uko wapi? Maana nyuma ya ile kamera kuko habari ya kweli, yenye tarehe, tribinali na barua, na inatisha kuliko umbo la mutu mwenye kofia.

Muji uliozaliwa na tumaini la kupona

Eureka Springs ilianza mu 1879. Kabla ya hapo ilikuwa pori ya milima ya Ozark na chemchemi za maji. Watu walisadiki kwamba yale maji yanaponyesha macho, ngozi, mifupa, karibu kila ugonjwa. Habari ikaenea, wagonjwa wakamiminika, na kwa miaka michache tu muji ukasimama. Gari-moshi ikafika mu 1883.

Hapo wenye feza wakaona biashara. Powell Clayton, jenerali wa zamani wa jeshi la Kaskazini katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, na gavana wa Arkansas kuanzia 1868 mpaka 1871, aliongoza kampuni yenye ilijenga hoteli kubwa ya majiwe juu ya kilima. Ilifunguliwa tarehe 20 Mei 1886. Matajiri walikuja kuoga, kukunywa maji, kupanda farasi na kucheza dansi.

Lakini sayansi ya vijidudu ilikuwa inaendelea, na watu wakaanza kuuliza: maji ya chemchemi yanaponyesha nini kabisa? Wageni wakapunguka. Kuanzia 1908 mpaka 1924 jengo likafanywa shule ya wasichana, wakati wa joto tu njo wanapokea wageni kama hoteli. Shule ikarudi tena 1930 mpaka 1934. Ilikuwa tayari wakati wa mangaiko makubwa ya uchumi yenye yalianza mu 1929, na wazazi hawakuwa tena na feza ya kulipa. Jengo likabaki bila kazi.

Mu 1937 akatokea mununuzi. Jina lake Norman Baker.

Mutu wa redio

Baker alizaliwa mu 1882 ku Muscatine, muji wa jimbo la Iowa, kandokando ya muto Mississippi. Munganga? Hata siku moja. Hakusoma udaktari popote. Kazi yake ya kwanza yenye ilimupatia jina ilikuwa mambo ya jukwaani: alizunguka na kundi la maonyesho ya kusoma mawazo ya watu, mambo yenye wengi wanajua kuwa ni ufundi wa kudanganya macho na masikio. Halafu, mu 1914, akatengeneza kinanda kimoja kikubwa chenye kinapigwa kwa hewa, akakiita calliaphone. Kiliuzwa muzuri. Kwa hiyo tusimufikirie kama mupumbavu. Alikuwa na akili, bidii, na sauti.

Mu 1925 akafungua redio yake ku Muscatine, KTNT. Redio ilikuwa kitu kipya. Wakulima wa Iowa, wenye walikuwa wanaishi mbali na magazeti na shule kubwa, walianza kusikia kila jioni mutu mwenye anaongea kama wao, anakasirika kama wao, anashambulia matajiri wa mijini, kampuni kubwa, na zaidi ya yote waganga. Alisema shirika la waganga wa Marekani ni kundi la wafanyabiashara wenye wanakata watu visu juu ya feza. Kila mara wale waganga walipojibu, yeye akasema: munaona? Wananiogopa.

Hapo njo siri ya kwanza ya Baker. Hakuanza kwa kuuza dawa. Alianza kwa kuvunja imani ya watu kwa wale wenye wangeweza kumukosoa. Wakati dawa ilikuja, mulango ulikuwa wazi.

Mu 1929 alituma wagonjwa tano wa kanseri kwa munganga mumoja wa Kansas City mwenye alikuwa na dawa yake ya pekee. Wote tano wakafa. Hata vile, ku mwisho wa mwaka uleule, Baker akatangaza mu gazeti lake kwamba kanseri imeshindwa, na akafungua lopitali yake ku Muscatine. Mwezi wa 5 mwaka wa 1930 akakusanya maelfu ya watu mu parke ya muji ili waone matunzo mbele ya macho yao. Mugonjwa mumoja alifunguliwa kitambaa ya kichwa mbele ya umati, wakamwangia unga wa dawa. Watu wakapiga makofi.

Dawa yenyewe ilikuwa nini? Uchunguzi ulionyesha kuwa sindano zake zilikuwa na vitu kama alkoholi, gliserini, asidi ya kaboliki, na chai ya mbegu za watermeloni, nyuzi za mahindi na majani ya klova. Vitu vya jikoni na vya kusafishia vidonda. Hakuna hata kimoja chenye kinaponyesha kanseri.

Shirika la waganga lilimuita tapeli waziwazi. Yeye akalishitaki, akiomba lipe dola 500,000 kwa kumuchafulia jina. Mu 1932 akashindwa. Mwaka mumoja mbele, serikali ilikuwa imekataa kumupa tena ruhusa ya redio. Akagombea ugavana wa Iowa mu 1932: akashindwa tena. Basi akavuka mupaka, akajenga redio yenye nguvu sana ku Nuevo Laredo, upande wa Mexico, fasi yenye sheria ya Marekani haikuweza kumufikia, na sauti yake ikaendelea kuingia mu nyumba za Wamarekani usiku.

Katanga ndani ya hii habari

Ngoja tusimame hapa kidogo, juu kuko kitu chenye kinatuhusu.

Katika matangazo yake Baker alirudilia maneno matatu: bila kupasuliwa, bila eksirei, bila radiumu. Kwa nini hayo matatu? Juu hayo njo yalikuwa matunzo ya kweli ya kanseri wakati ule. Dawa za kanseri zenye kupita mu damu zilianza kujaribiwa tu mu miaka ya 1940. Mbele ya hapo mugonjwa alikuwa na kisu, eksirei, ao radiumu. Yote matatu yaliumiza, yalikuwa na bei, na mara nyingi mugonjwa alichelewa sana. Watu waliogopa, na walikuwa na sababu ya kuogopa.

Sasa ile radiumu ilitoka wapi? Mu 1921 wanawake wa Marekani walichangisha feza ili Marie Curie apewe gramu moja tu: ilikuwa na bei ya dola 100,000. Mwaka uleule wa 1921 kazi ikaanza ku Shinkolobwe, karibu na Likasi ya leo, na majiwe ya pale yalikuwa na urani nyingi kupita ya fasi ingine yoyote. Kuanzia 1922 kiwanda cha Olen, kule Ubelgiji, kikaanza kutoa radiumu ya Union Minière. Bei ikashuka mpaka karibu dola 70,000 kwa gramu, na migodi ya Marekani yenyewe ikafungwa juu haikuweza kushindana. Kwa miaka kumi hivi, Katanga njo ilikamata soko la radiumu la dunia.

Ni kusema, mu miaka ile, wakati munganga wa kweli ku Marekani aliweka sindano ya radiumu ndani ya uvimbe wa mugonjwa, kulikuwa nafasi kubwa kwamba ile kitu ilichimbwa na mikono ya Wakongomani, bila kinga, bila mutu kuwaambia wanashika nini. Na wakati Baker alipiga kelele ku redio dhidi ya radiumu, alikuwa anawaambia wagonjwa wakimbie kitu chenye babu zetu walichimba kwa jasho. Historia iko na njia zake za kuunganisha watu wenye hawakujuana.

Lopitali ya rangi ya zambarau

Mu 1937 Baker alikuwa amehukumiwa ku Iowa kwa kufanya kazi ya udaktari bila ruhusa: siku moja tu ya kufungwa. Iowa ilikuwa imemuchosha. Akanunua Crescent Hotel, akaifanya lopitali ya kanseri. Alipenda zambarau: mashati yake, gari lake, na ndani ya hoteli pia akapaka rangi hiyo. Ku ofisi yake aliweka bunduki za rashasha juu ya ukuta. Mutu wa kuponyesha wagonjwa, na rashasha ku ukuta!

Muji ulimupokea na furaha. Tusiwahukumu haraka. Kazi ilikuwa imepotea, hoteli ilikuwa tupu, na sasa gari-moshi ilikuwa inaleta tena wageni wenye wanalipa. Wapishi, wafuaji, wenye maduka, wote walipata kitu. Ndivyo tapeli mukubwa anavyokaa fasi moja muda murefu: anagawanya kidogo.

Angalia tena ule mwaka. Mwezi wa 8 wa 1937, Rais Roosevelt aliweka sahihi ku sheria yenye ilianzisha Taasisi ya Taifa ya Kanseri. Katika mwaka uleule, dawa moja ya maji yenye kuitwa Elixir Sulfanilamide iliua zaidi ya watu 100 ku Marekani, juu sheria haikuwa inaomba mutengenezaji aonyeshe kwanza kama dawa haina hatari. Sheria hiyo ilibadilishwa mu 1938. Kwa hiyo Baker alifanya kazi katika mwanya: sayansi ilikuwa bado inajengwa, sheria ilikuwa na mashimo, na watu walikuwa na uchungu na haraka.

Wagonjwa walifika kutoka majimbo mengi. Walipata chumba kizuri, chakula, hewa ya mulima, muziki, na sindano. Kwa mutu mwenye hakuwa na kanseri, na wengi hawakupimwa muzuri, matokeo yalikuwa ya ajabu: alirudi nyumbani «amepona». Kwa mutu mwenye alikuwa nayo kweli, siku zilikuwa zinapita. Na kanseri haingojei.

Posta njo ilimukamata

Hapa wanasheria wetu wasome muzuri. Baker hakuangushwa na kosa la kuua, wala la kuuza dawa ya uongo. Aliangushwa na barua.

Serikali ya taifa ya Marekani ilikuwa na nguvu ndogo juu ya udaktari, maana hiyo ilikuwa kazi ya kila jimbo. Lakini posta ilikuwa yake, na sheria ilikataza kutumia posta kwa kudanganya watu. Baker alituma barua na vitabu vidogo kwa maelfu ya wagonjwa, akiwaahidi kupona. Kila barua ilikuwa na tarehe, anwani na muhuri. Wachunguzi wa posta wakakusanya. Mu 1939 akakamatwa, na mu 1940 tribinali ya Little Rock ikamuhukumu: miaka mine ya kifungo na dola 4,000 za amende. Akapeleka rufaa, ikakataliwa. Akafungwa ku Leavenworth, jimbo la Kansas, mpaka 1944. Kiisha akahamia Florida, akaishi muzuri ndani ya chombo cha kifahari ku maji, akafa mu 1958, ini likiwa limeharibika.

Muchunguzi wa posta mwenye alifuata ile kesi alihesabu kama wagonjwa wa kanseri waliibiwa karibu dola milioni 4. Aliona kwamba miaka mine ilikuwa azabu nyepesi sana. Na alisema jambo lingine, lenye kwa maoni yangu ni ufunguo wa habari yote: wengi wenye walikuwa na kanseri ya kweli walikufa muda mufupi *baada ya kurudi nyumbani kwao*, na yale matunzo, kwa wengi, yaliharakisha kifo.

Baada ya kurudi nyumbani. Shika hayo maneno.

Mizimu inaingia kazini

Lopitali ilifungwa. Jengo likabaki bure mpaka 1946, likarudi kuwa hoteli, moto ukaunguza sehemu ya juu mu 1967, likapita mikono mingi. Mu 1997 wenyeji wapya wakanunua na kulitengeneza tena. Lakini hoteli ya majiwe ya 1886, ndani ya muji mudogo mulimani, itapata wapi wateja wakati wa baridi? Mizimu ikapata kazi.

Waongozaji wanahadisia: mu chumba 218 kuko Michael, fundi wa majiwe mwenye inasemwa alianguka wakati wa kujenga. Mu chumba 419 kuko Theodora, mugonjwa wa Baker mwenye anatafuta ufunguo wake ku mulango. Usiku, nesi anasukuma kitanda cha magurudumu mu koridoo. Wengine wanaongeza kama mifupa ya mamia ya watu ilifichwa ndani ya kuta. Lakini kumbuka mashitaka: tribinali ilimushitaki Baker juu ya barua, haikumushitaki juu ya maiti zenye kufichwa.

Wakati Ghost Hunters walifika, programu yao ilikuwa changa: ilianza mu 2004. Viongozi wao wawili, Jason Hawes na Grant Wilson, walikuwa mafundi wa mabomba muchana na wachunguzi wa mizimu usiku. Watazamaji waliwapenda kwa sababu hiyo: walionekana watu wa kazi, na mara nyingi walianza kwa kutafuta bomba yenye inapiga kelele ao mulango wenye haufungi muzuri. Hilo tuwaheshimie.

Lakini kazi yao iliomba kitu kimoja: kuchukua mashini yenye ilitengenezwa kwa kupima kitu kingine, na kusema inapima mizimu.

Mashini zinapima nini?

Uchunguzi wa namna hii haukuanzia ku televisheni. Mu 1882, mwaka uleule Baker alizaliwa, watu wa elimu ku London walianzisha shirika la kuchunguza mambo ya ajabu, Society for Psychical Research. Walitaka ushahidi, mashahidi wenye kuulizwa mumoja mumoja, tarehe. Njia ilikuwa ya heshima. Tuangalie vyombo vya leo kwa roho ileile.

Kamera ya joto: inaona mionzi ya joto. Chuma laini na kioo vinarudisha ile mionzi kama vile kioo kinarudisha uso. Mutu mwenye anasimama mbele ya kabati la chuma gizani anaweza kujiona mwenyewe mu kamera, bila kujitambua. Makabati ya Crescent yalikuwa ya chuma. Hiyo haimalizi mabishano, lakini mutu mwenye anasema «muzimu» anapashwa kwanza kuondoa ile njia ingine.

Mashini ya sumaku-umeme: inashituka karibu na waya wa umeme. Jengo la 1886 lenye liliwekewa waya mara nyingi, unangojea nini?

Kifaa cha kurekodi sauti: masikio ya mutu yanatafuta maneno hata mu kelele ya upepo. Ukiambiwa mbele «sikia, anasema toka hapa», utasikia «toka hapa».

Na kuko sababu zenye haziko na mchezo. Mu 1921, munganga wa macho William Wilmer aliandika habari ya familia moja ya Marekani yenye ilisikia hatua za miguu, ikaona watu wa ajabu, ikachoka na kuumwa kichwa ndani ya nyumba yao. Kumbe tanuri ya kupasha joto nyumba ilikuwa imeharibika, inaingiza monoksidi ya kaboni. Waliitengeneza, «mizimu» ikaisha. Kama wangeita mufukuza-mizimu badala ya fundi, pengine wangekufa wote. Sisi wenye tunalala na mbabula ya makala mu chumba chenye kufungwa, hiyo tusiisome haraka.

Mu 1998, ku Uingereza, muhandisi Vic Tandy alieleza namna alivyoona kivuli cha kijivu mu maabara, na nywele zikamusimama. Kisha akagundua kuwa feni moja ilikuwa inatoa sauti nzito ya karibu herzi 19, yenye sikio haisikii. Wengi wakakimbilia kusema: basi sauti hiyo njo mizimu. Lakini mu 2009 Chris French na wenzake ku London walichapisha matokeo ya chumba chenye walitengeneza kwa makusudi, chenye wangeweza kuwasha ao kuzima sauti hizo na mawimbi ya sumaku. Watu 79 wakaingia mumoja mumoja. Wengi wakasema walisikia mambo ya ajabu, lakini haikutegemea kama mashini imewashwa ao imezimwa. Maelezo yenye yalibaki na nguvu: waliambiwa mbele kwamba wanaweza kusikia kitu.

Ona vizuri kilichotokea. Maelezo ya Tandy yalikuwa mazuri, yalipendeza wenye kupenda sayansi, na bado yalipimwa, na hayakupita mutihani ule. Hiyo njo tofauti na Baker. Dawa yake haikuachwa hata siku moja kusimama mbele ya mutihani wenye ingeweza kushindwa.

Chupa za 2019

Mwezi wa 2 mwaka wa 2019, mufanyakazi wa bustani ya hoteli alikuwa anachimba ku mutelemko nyuma ya jengo. Akakuta chupa. Halafu zingine. Hoteli ikaita watu wa archéologie wa jimbo la Arkansas, wakachimba polepole, wakaandika kila kitu, wakatoa mamia ya chupa. Zilifanana na zile zenye Baker alionyesha mu picha za matangazo yake. Ndani ya baadhi kulikuwa maji ya dawa, na ndani ya zingine vipande vya nyama ya mwili vyenye kuhifadhiwa.

Miaka kumi na mine mbele ya hapo, watu walizunguka na kamera ya joto hatua chache kutoka pale. Ushahidi ulikuwa chini ya udongo, unangoja jembe.

Na sasa turudilie yale maneno ya muchunguzi wa posta: baada ya kurudi nyumbani. Kama kweli wafu wanarudi fasi yenye walifia, basi wafu wengi wa Baker hawako Crescent Hotel. Walikufia mu vijiji na vitongoji vya majimbo mengi, ku vitanda vyao, mbele ya watoto wao, feza ya shamba ikiwa imeisha kuuzwa. Hoteli inaonyesha chumba kimoja cha maiti. Maiti za kweli zilisambaa kwa gari-moshi. Hakuna mutu mwenye anauza tiketi ya kwenda kuziona.

Hapo njo kitu chenye kinanisumbua mu ile ziara ya usiku. Mateso ya watu yaliuzwa mara mbili: mara ya kwanza na Baker, kama tumaini, mara ya pili na waongozaji, kama woga wa kuchezea. Nakubali, bila ziara hizo pengine tungesahau Baker kabisa, na chupa zingeshatupwa. Lakini mugonjwa mwenye alikuja pale mu 1938 alikuwa na jina, na watu wa kwao. Leo amebaki kuwa kelele mu koridoo.

Tunabeba nini?

Kwetu, muzimu si neno la mchezo. Katika lugha nyingi za mashariki mwa Congo ni jina la mutu wa familia mwenye alitangulia, na mutu mwenye anamuheshimu anamutaja kwa jina, na ukoo wake, na namna alivyokufa. Tukifuata desturi ile, kazi ya mwanahistoria haiko mbali na ya muzee wa ukoo: kurudisha majina kwa wafu.

Ndugu, wengi wetu tumetoka chuo kikuu na diploma ya historia, sheria, udaktari, elimu. Siku zote telefone zetu zinapokea sauti za watu wenye wanaponyesha kisukari, kanseri na shinikizo la damu kwa chupa moja, bila kupasuliwa, bila mashini. Wanaongea muzuri, wanakasirikia waganga, na wana mashahidi wenye kulia. Ukiwaambia mama na shangazi zako «ni ujinga», umewapoteza; Baker aliishi kwa kiburi cha wasomi wenye walisema hivyo. Afazali uulize pamoja nao maulizo yenye muchunguzi wa posta angeuliza: Wale wenye walipona wanaitwa nani, na wanaishi wapi leo? Nani alipima kama walikuwa wagonjwa? Wale wenye hawakupona wako wapi? Feza inaenda kwa nani?

Na chungeni karatasi: risiti, ujumbe, lebo ya chupa. Tapeli mwenye aliponyoka waganga, redio na uchaguzi, alishindwa na barua zake mwenyewe, kwa sababu kuko watu wenye hawakuzitupa.

Nani kati yenu, mu muji wake, anajua jengo la zamani lenye watu wanasema lina mizimu? Andika jina lake hapa chini. Halafu, mbele ya kutuhadisia muzimu, tuambie kwanza: lilijengwa mwaka gani, na nani, na ni nani alifia ndani yake?